Mbwa Wawili Walionifanya Mwalimu

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kufundisha mbwa, hudhani kwamba tangu utotoni nilikuwa na kipaji cha kuwaelewa wanyama. Sivyo. Niliingia katika kazi hii kwa sababu niliishi na mbwa wawili walionishinda, na yule wa kwanza nilimharibu kwa mikono yangu mwenyewe huku nikiamini kwamba ninamtia adabu.

Wa kwanza tulimwita Jabali, jina ambalo halikumfaa hata siku moja, kwa kuwa aliogopa mwavuli, aliogopa ndoo ikiburutwa, na zaidi ya vyote aliwaogopa watu asiowajua. Alikuja kwetu akiwa na umri wa miezi saba, baada ya kulelewa nyuma ya ua ambako hakuona mgeni wala mbwa mwingine. Leo habari hiyo peke yake ingenitosha, kwa maana najua kwamba kipindi ambacho mtoto wa mbwa huwazoea watu, sauti na vitu vigeni kwa wepesi huanza akiwa na umri wa wiki 3 hivi na huelekea kufungika kati ya wiki ya 12 na ya 14. Aliyekikosa kipindi hicho bado anaweza kujifunza, lakini atajifunza polepole, na mwenye kumfundisha atahitaji subira kuliko nguvu. Wakati ule sikujua. Niliona tu mbwa mkubwa anayewangurumia wageni wangu, nikaona aibu.

Nilimtafuta mtu aliyesifiwa kuwa mwalimu wa mbwa, naye akanipa jibu jepesi kukumbuka: mbwa huyu anataka kuwa kiongozi wa nyumba, kwa hiyo kila akinguruma nimvute kwa mnyororo wa shingoni, na akirudia nimlaze ubavu na kumkandamiza mpaka atulie. Nilitekeleza hayo kwa bidii ya mwanafunzi mwema. Baada ya wiki tano Jabali aliacha kunguruma, na nakiri kwamba nilijivuna, nikawasimulia majirani na jamaa jinsi nilivyomnyoosha.

Miezi michache baadaye shangazi yangu alikuja kututembelea, akainama kumpapasa kichwani, na Jabali akamng'ata kifundo cha mkono bila kutoa sauti yoyote. Sote tulisema kwamba ameuma bila onyo. Nimeirudia dakika ile akilini mara nyingi tangu nilipojifunza kumtazama mbwa: mdomo aliokuwa ameuacha wazi ulifungwa ghafla, uzito wa mwili ukarudi kwenye miguu ya nyuma, ulimi ukapita puani mara mbili ingawa hapakuwa na chakula, kisha akageuza uso kando huku jicho likibaki kwa shangazi, weupe wake umejipinda kama mwezi mwandamo. Maonyo yalikuwepo manne au matano. Lililokosekana ni lile la sauti, ambalo hata mtu asiyejua lolote kuhusu mbwa angelisikia, na hilo nilikuwa nimelifuta mimi kwa mnyororo. Hofu yenyewe sikuigusa. Ilikaa palepale, ila sasa ilikaa kimya.

Hoja ile ya mbwa anayegombania uongozi haikuzuka hewani, na nimejifunza kutowacheka wanaoiamini. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama (nawazungumzia wale wa nchi za baridi), ambao waligombania cheo. Mtafiti wa Marekani L. David Mech aliieneza picha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye alikaa misimu mingi ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, akiwatazama mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni familia tu, yaani baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti, na wakubwa huongoza kwa namna wazazi wanavyoongoza. Aliomba hata kitabu chake kile kisiendelee kuchapishwa. Unyenyekevu huo nauheshimu. Na hata kama mbwa mwitu wangekuwa wanapigania ufalme usiku na mchana, Jabali alikuwa mbwa wa nyumbani aliyeogopa mwavuli.

Sitaki kudai kwamba adhabu haifanyi kazi. Ilifanya kazi kwa Jabali. Mngurumo ulikoma kweli. Ubaya wake uko hapo hapo, kwa sababu anayeadhibu hulipwa mara moja kwa ukimya anaoupata, na hivyo yeye ndiye anayefundishwa kuadhibu tena.

Jabali aliishi nasi miaka minne mingine, akifungiwa chumbani kila mgeni alipokuja, na maradhi ya figo yalipomchukua niliapa kwamba sitafuga tena. Kiapo kilidumu miezi kumi. Ndipo akaja Pili, mbwa jike wa miaka miwili niliyemchukua kutoka kituo cha mbwa walioachwa, mpenzi wa watu wote, ambaye akiwa kwenye kamba na kumwona mbwa mwenzake hubweka, huruka na kujinyonga mpaka kamba ikanichubua viganja. Zaidi ya hayo, alikuwa anajaribu kuuma mkono wowote uliokaribia shingo yake. Jambo hili la pili lilikwisha ndani ya wiki mbili, na si kwa ufundi wowote wa mwalimu: daktari wa mifugo alimwangalia masikio akakuta uambukizo wa muda mrefu, akautibu. Tangu hapo simpokei mbwa aliyebadilika tabia ghafla kabla hajapimwa na daktari, hata mwenyewe akinuna.

Kwa lile la kwanza nilimpata mwalimu wa aina nyingine, mama mmoja mpole aliyekuja bila mnyororo wala filimbi, ila mfuko wa nyama iliyokatwa vipande vidogo kama punje za maharagwe. Swali lake la kwanza lilinishangaza. "Mwanangu," aliniuliza, "mbwa mwenzake akiwa mbali kiasi gani, Pili humwona na bado akala?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kupima ubaya wake, sijawahi kupima utulivu wake. Tulitoka tukapima: hatua 40. Akiwa karibu zaidi ya hapo, nyama ilimdondoka mdomoni kana kwamba ni jiwe, na mbwa asiyeweza kumeza nyama hana nafasi ya kujifunza chochote. Kazi yetu yote ingefanyika nje ya hatua hizo 40, na utaratibu ulikuwa mmoja: Pili amwone mbwa, kisha nyama ije, mbwa akitoweka, nyama nayo ikome.

Nilikosea utaratibu huo kwa siku kumi nzima. Kwa kuwa niliogopa atabweka, nilikuwa naingiza mkono mfukoni mara tu nilipomwona mimi mbwa mwingine, kabla Pili hajamwona. Wanaomjua Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, watakumbuka kwamba mbwa wake walidondokwa na mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Mimi niliigeuza: nyama ikatangulia, mbwa wa kutisha akafuata. Matokeo yake Pili alianza kuiogopa nyama. Nikigusa mfuko tu, aliinua kichwa na kuzungusha macho barabara nzima akimtafuta adui. Yule mama alicheka sana, akanifunga mkono wa kulia kwa leso, akaniambia nitaufungua Pili akishamtazama mbwa kwa muda wa kuhesabu moja.

Katika wiki ya sita alimwona mbwa ng'ambo ya barabara, masikio yakasimama, kisha akageuka akanitazama usoni, kama kibarua anayeuliza ujira wake uko wapi. Nilipigwa na butwaa hata nikakaribia kusahau kumlipa. Baada ya miezi mitano umbali ulipungua hadi hatua 8, na hapo tukakoma. Hajawahi kucheza na mbwa mwingine, wala simdai hilo.

Siku ile aliponigeukia ndiyo niliyoamua kuisomea kazi hii. Niliposoma nilikuta kwamba mambo niliyoyaona kama miujiza yalikwishaandikwa zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alikuwa akiwafungia paka katika visanduku vyenye komeo na kupima muda waliotumia kuifungua na kutoka, akachapisha matokeo mwaka 1898: tendo linalofuatwa na jambo la kuridhisha hurudiwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia mwingine wa nchi hiyo, aliujenga uchunguzi huo zaidi, na wanafunzi wake Keller na Marian Breland wakautoa maabara wakafanya biashara ya kufundisha wanyama wa kila namna. Aliyenigusa zaidi ni Karen Pryor, ambaye mwaka 1963 alianza kuwafundisha pomboo huko Hawaii kwa filimbi na samaki. Pomboo hafungwi mnyororo. Ukimkera, anaogelea kwenda zake upande wa pili wa bwawa, na wewe unabaki na ndoo yako ya samaki. Mwalimu hana budi kujifunza kufundisha.

Kwa sababu hiyo hiyo sehemu ya mafunzo yangu niliifanya kwa kuku. Nililazimika kumfundisha kuku kudonoa duara jekundu lililokuwa kati ya duara jingine la njano na la buluu, nikitumia kidude kidogo cha mkononi kinacholia "tki" ili kumwonyesha tendo hasa linalolipwa, kisha punje za nafaka. Kuku ana mwendo wa haraka kuliko mbwa, hana hamu ya kukupendeza, na ukimgusa kwa nguvu anaruka mezani. Mimi nilichelewa kubonyeza kwa muda mfupi sana, pengine nusu ya sekunde, na baada ya robo saa nilikuwa na kuku hodari wa kuinua kichwa kutoka kwenye duara jekundu. Alijifunza kwa usahihi kabisa nilichomlipa. Nilimkumbuka Jabali, nikakaa kimya kwa muda.

Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita mwalimu wa mbwa, ndiyo maana yule wa kwanza na yule mama walikuwa na cheo kimoja machoni pa watu. Nilijiwekea kipimo cha baraza la Marekani lililoanzishwa mwaka 2001 kuthibitisha walimu wa mbwa, ambalo humtaka mwombaji awe amefundisha kwa saa zisizopungua 300 katika miaka mitatu kabla ya kufanya mtihani. Saa nyingi kati ya hizo nilizitumia nikishika kamba na kufuta mikojo katika kituo kile kile nilikomtoa Pili. Mwaka 2021 jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama ilitoa tamko kwamba njia za kutuza zitumike katika mafunzo yote ya mbwa, hata kwa wenye matatizo ya tabia. Nililichapa nikalibeba kwenye mkoba kwa muda mrefu, nikidhani litanishindia mabishano. Halijanishindia hata moja, kwa sababu mteja aliyechubuliwa viganja hahitaji tamko.

Sikuambiwa mapema kwamba ningekuwa mwalimu wa watu. Mbwa huelewa ndani ya dakika kumi. Mwenyewe huchukua wiki, nami sina haki ya kumkemea kwa jambo ambalo lilinichukua mimi miaka. Mzee mmoja aliniita kwa ajili ya mbwa wake aliyekuwa akiwarukia watu mlangoni. Nilipomweleza kwamba tutamlipa kila atakapokaa chini, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mbwa akizoea kulipwa, siku ukikosa nyama atakusikiliza?"

"Shikamoo yako utaipata nyama ikiwepo au isiwepo, Mzee," alidakia mjukuu wake, na mzee akamwambia anyamaze, ijapokuwa alitabasamu.

Swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba mwanzoni tungelipa kila mara ili mbwa ajue kazi ni ipi, na tendo likishakomaa tungelipa mara moja moja bila mpangilio, wakati mwingine kwa nyama na wakati mwingine kwa kufunguliwa mlango, kwa kuwa kitu chochote anachokitaka mbwa ni malipo, hata ruhusa ya kwenda kunusa mti. Nilimwonya pia kwamba siku atakapoacha kumsukuma na kumfokea, mbwa ataruka zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kuacha, kama mtu anayebonyeza swichi mara nyingi taa ikigoma kuwaka. Mzee hakusema amekubali. Aliomba tu nimwachie ule mfuko.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu kulalamika. Mbwa wake sasa alikuwa anamfuata kila mahali, uani, sebuleni, mpaka mlango wa bafu, na kila mzee akisimama, naye anakaa chini mbele yake bila kuambiwa na kumkazia macho. Nilimuuliza yeye hufanya nini hapo.

"Nafanyaje tena? Nampa," alisema. "Nyama zimekwisha, lete nyingine."