Anza na dirisha, ukuta utasubiri

Mwenye jengo akianza kuhofia bomu, jambo la kwanza analotaka ni kuta nene. Kuta zina zamu yake. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu, watu waliosikia kishindo cha kwanza walisogea madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo hapo. Wengi waliumia macho kwa vioo, wakiwamo waliokuwa ndani ya majengo ambayo hayakuanguka.

Kioo cha kawaida huvunjika kikawa visu. Kile kilichoimarishwa kwa moto huvunjika chembechembe, lakini wimbi la mlipuko huzirusha kama changarawe. Kinachofaa ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari: kinapasuka, ila vipande havibanduki. Plastiki ya milimita 0.38 haitoshi, anzia 0.76, na ukiweza weka 1.52.

Hapo ndipo wengi huona kazi imekwisha. Dirisha la kawaida hushika kioo kwa milimita 10 hivi, kwa hiyo kioo kigumu huchomoka kizima. Mimi hudai kiingie kwenye fremu milimita 25 hadi 30, na kigandishwe kwa silikoni ya kubeba mzigo, si ile ya kuzibia maji tu. Kisha fremu iwe imara kuliko kioo, na bolti ziwe imara kuliko fremu. Bolti fupi kwenye tofali lenye matundu? Umejitengenezea kombora la kilo themanini.

Karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye vioo vya zamani ina kasoro hiyo hiyo: ikiishia ukingoni mwa kioo bila kufungwa kwenye fremu, kioo huruka chote kama ubao.

Umbali ni kinga ya bei nafuu kuliko zege. Ukiongeza umbali mara mbili, mshambuliaji atahitaji baruti mara 8 ili shinikizo la hewa lifikie kiwango kile kile. Basi vizuizi vya magari viwe mbali na ukuta, na maegesho yasiwe chini ya jengo.

Nguzo nazo. Katika jengo la serikali lililolipuliwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, nguzo za juu za upande wa mbele zilikuwa zikifika chini moja tu kati ya kila mbili. Zilizobaki zilikalia boriti moja kubwa. Bomu lilipokata nguzo za chini, boriti ikakosa pa kukaa. Watu 168 walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na jengo. Teremsha kila nguzo hadi msingini, na ringi zake, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo, zikaribiane.

Mhandisi akikuletea mchoro, tazama slabu ya ghorofa ya kwanza. Nondo za katikati huwekwa chini kwa sababu mzigo hushuka. Mlipuko wa barabarani huingia na kuinua slabu kutoka chini, na juu hakuna chuma cha kuishika. Dai nondo za juu zipite mfululizo, nguzo hadi nguzo.