Kwa nini bado naandika programu kwenye Vim

Mdogo wangu anayejifunza kuandika programu kaniuliza juzi aanze na nini, VS Code au Vim, yaani programu mbili za kuandikia msimbo. Nikamrudishia swali: mashine yako ina RAM kiasi gani?

Yangu ina 4GB, na diski yake ni zile za zamani zinazozunguka. Ndiyo ninayotengenezea mfumo wa kupokelea kahawa hapa Bukoba: uzito wa magunia, jina la mkulima, fedha anazodai. VS Code ni nzuri, sibishi. Inakuonyesha kosa hata kabla hujaendesha programu. Lakini imejengwa juu ya Chromium, kwa hiyo ukiifungua ni kama umeongeza kivinjari kingine. Nikiiwasha pamoja na seva ya majaribio, diski inaunguruma na kishale kinaganda.

Nikahamia Vim. Wiki mbili za mwanzo nilitaabika kweli. Kilichonibakiza ni jioni moja umeme ulipokatika, na betri yangu ilishakufa zamani. Nilikuwa katikati ya hesabu za makato ya wakulima, sijahifadhi kitu. Umeme uliporudi nikafungua faili, Vim ikaniuliza kama nataka kurejesha kazi yangu. Nikabonyeza R. Ulikosekana mstari mmoja tu, wa mwisho. Kumbe pembeni huwa inaandika faili la akiba kila baada ya herufi 200, au ukitulia bila kuchapa kwa sekunde 4.

Halafu kuna hili, ambalo limenigusa zaidi. Ukifungua Vim bila faili lolote, inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Nililiona ombi hilo miezi mingi kabla ya kuandika :help iccf, amri iliyonifungulia maelezo yake. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikwenda kujitolea Kibaale, wilaya ya Rakai, mwaka 1994. Vim ni ya bure, ila anayeipenda anaombwa awachangie watoto wa huko. Rakai! Kutoka kwetu ni kuvuka mpaka wa Mutukula tu, na maelezo yenyewe yanasema mji huo uko karibu na Tanzania. Bram alifariki Agosti 2023. Ombi lake bado liko pale pale.

Mdogo wangu kanijibu: 2GB. Jumamosi anakuja na mashine yake, tunaanza na vimtutor, somo la nusu saa linalokuja na Vim yenyewe.