Zaburi ya 13 sebuleni kwangu

Mwaka 2020 mwezi wa tatu wageni walikata ghafla hapa Moshi sababu ya korona, na sisi wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, tunategemea hao watalii kwa kila kitu, ada, kodi, hata chumvi. Nilikuwa nimekopa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua buti na jaketi za baridi nikijua mwezi wa sita msimu ukianza narudisha, oda zote zikafutwa, na hela ya safari niliyokuwa naidai kampuni naambiwa subiri. Niliomba jamani, nilifunga, nilikesha, kimya. Basi nikaacha. Makanisa huku Tanzania hayakufungwa, watu wananawa maji tiririka mlangoni wanaingia, mke wangu anaenda na watoto mimi nabaki kitandani nimegeukia ukutani.

Zamu ya jumuiya, ile ibada ya majirani inayozunguka nyumba kwa nyumba, ikafika kwetu. Jumamosi alfajiri nasikia wanaimba sebuleni, nikatoka kwa kuwaheshimu wageni tu, nikakaa karibu na mlango. Ilipofika wakati wa neno mzee wa kanisa akampa nafasi bibi mmoja jirani yetu, ambaye alishazika wanawe wawili, mtaa mzima tunajua. Biblia yake ameivika gazeti, kidole kinafuata mstari taratibu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Hakuhubiri. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, na haya ni maombi. Mimi nimeyaomba miaka mingi, Mungu hajanifukuza."

Kwakweli nililia mbele za watu. Tangu kipaimara nilijua mtu wa imani anashukuru tu, kumbe Daudi alilalamika, ikaandikwa, na tunaisoma ibadani! Nilikuwa nimenyamaza kwasababu nilichokuwa nacho moyoni nilikiona hakifai kupelekwa kwa Mungu, ile alfajiri nikakitoa chote kwa sauti, deni, watoto, kampuni, nikamwambia Baba umenisahau, na wanajumuiya wakaitikia amina kama wanavyoitikia ombi lingine lolote. Ile amina ndo ilinirudisha, nawaambia ukweli.

Kesho yake nikanawa nikaingia kanisani na familia yangu. Wageni walikuja kurudi taratibu, deni la kikoba likaisha, ila hela ya kampuni sijalipwa mpaka leo na kila nikipiga magoti bado namuuliza Mungu habari zake.