Damu 8.6, vidonge vya chuma na chai ya mama mkwe

Mwaka jana nilikuwa napanda kale kamlima ka nyumbani Tukuyu nasimama mara tatu, kizunguzungu, nikawa nasingizia baridi. Kupima wingi wa damu (hemoglobini), 8.6, yaani imepungua. Nikapewa vidonge vya chuma, asubuhi kimoja jioni kimoja, nikarudi zangu nyumbani.

Ushauri sasa, kila mtu daktari! Wifi kaleta rozela, jirani kaleta juisi ya bitiruti, nikaibugia, kesho yake mkojo wa pinki nikadhani nakufa kumbe ni bitiruti yenyewe. Halafu dada mmoja wa saluni pale Mwanjelwa akaniuzia kopo la maltivitamini na vidonge vya mafuta ya ini la samaki, eti "vitamini haizidi shosti, ikizidi unakojoa tu". Elfu thelathini na kitu ikaenda hivyo.

Mwezi mzima nameza, sijaruka hata siku. Napima tena: 8.9. Nilitaka kulia. Mume akaanza ohh labda vidonge feki.

Ndo nikamkuta mama mmoja mfamasia, akaniuliza, "Mwanangu, unamezea nini?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa, chai ya maziwa mama, ili kisinichome tumbo. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe chai inakamata chuma tumboni, kingi hakiingii kwenye damu, na kalsiamu ya maziwa nayo inakizuia, yaani ule mwezi wote chuma changu kingi kilikuwa kinaishia chooni (choo kuwa cheusi tii ni kawaida lakini, usikimbie hospitali kama mimi). Akasema meza na maji au kitu chenye vitamini C, chai kaa nayo mbali hata masaa mawili hivi.

Rahisi kusema. Wewe unaishi Rungwe, mashamba ya chai unayaona dirishani, na mama mkwe anaichemsha mpaka inakuwa kama lami. Siku ya kwanza nimekataa kikombe akanyamaza mpaka jioni, ya pili akamuuliza mwanawe, "Mkeo nimemkosea nini?" Ya tatu nikapata akili. Nawahi jikoni, kikombe changu cha bati natia maji ya moto na limao, sukari kidogo, kifuniko juu. Nakaa naye pale, mvuke unatoka, napuliza kabisa kama kawaida, kidonge kimeshashuka, na limao lenyewe ndo hiyo vitamini C. Siku tumbo likichoma naongeza kiazi. Cha jioni wala hakina shida, sasa namezea maji, maana usiku hatukai kunywa chai.

Lile kopo la saluni nalo nikalisoma maandishi yake kwa mara ya kwanza, nikachukua kalamu. Vitamini A imo kwenye maltivitamini, imo tena kwenye yale mafuta ya ini la samaki niliyokuwa nameza mawili mawili, kujumlisha nikapata mikrogramu 3,250 kwa siku wakati mtu mzima asivuke 3,000. Na A hukojoi, inajazana kwenye ini, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimi ndo kwanza natafuta wa pili! C ndo unakojoa, B nyingi pia, ingawa hata B6 ukiifululiza dozi kubwa inakutia ganzi miguuni. Nilitamani nirudi saluni na kalamu yangu.

Baada ya miezi miwili 12.1, kilima napanda naongea na simu. Bado nameza, mama mfamasia kasema niendelee kama miezi mitatu mingine akiba ijae mwilini. Kopo la vidonge vya chuma nimelifungia juu ya kabati maana mwanangu nilimkuta analichokonoa anasema "pipi", na chuma kwa mtoto mdogo ni sumu, vidonge vichache tu vinaweza kuua.

Mama mkwe mpaka leo anawasimulia wageni kwamba siku hizi chai yake naimaliza mpaka tone la mwisho.