Kiploti cha mboga kwa hela ndogo: lima kipande, kilichobaki kifunike

Watu wengi wakishapata kiploti cha kulima mboga, iwe cha kukodi au cha kuazimwa tu, kitu cha kwanza wanaenda kununua vitu. Jembe jipya, reki, beleshi, glovu, buti, keni ya kumwagilia, pakiti za mbegu kibao zenye picha nzuri nzuri, mifuko ya udongo, mbao za kuzungushia matuta, na hapo bado mtu hajajua hata maji atayatoa wapi. Halafu wikiendi moja anapiga jembe ploti nzima. Ndani ya miezi miwili magugu yanamfika kiunoni, hela imeisha, mgongo unauma, na anaacha kwenda. Hii inaniuma kweli, maana nia alikuwa nayo na ardhi pengine ilikuwa nzuri tu.

Mi msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia kwa kila anayeniuliza: mwaka wa kwanza lima mita 3 kwa 3. Basi. Sehemu yote iliyobaki ifunike na usiiguse.

Najua inaonekana ni padogo, na mtu anayelipia ploti nzima anaona kama anapoteza. Sasa piga hesabu ya maji. Mboga zikiwa zimekua na mvua hakuna, zinataka kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Mita 3 kwa 3 ukitoa njia unabaki na kama mita za mraba 7 hivi za kumwagilia, ambazo ni ndoo 9 za lita 20 kwa wiki, hizo mtu mwenye kazi zake anazimudu. Ploti ya mita za mraba 100 ukiilima yote ni ndoo zaidi ya 100 kila wiki. Nani anabeba hizo? Na mbegu, samadi na palizi vyote vinapanda hivyo hivyo.

Kwenye magugu ndo kuna jambo ambalo anayeanza halijui mpaka aambiwe. Udongo una mbegu za magugu zimelala humo miaka, nyingi zinasubiri mwanga tu. Ukilima unazipandisha juu zinaona jua, kwa hiyo ukilima eneo kubwa ambalo huna cha kupanda ni kama umeotesha magugu kwa jasho lako mwenyewe. Ndo maana nasema funika.

Kufunika kwenyewe ni kazi ya bure. Tafuta maboksi makubwa, yale ya kubebea friji na baiskeli ndo matamu kwa sababu moja linakula eneo kubwa, na wenye maduka wanashukuru ukiwaondolea. Bandua gundi ya plastiki na stika zote, yale ya kung'aa yenye rangi nyingi yaache. Fyeka nyasi ziwe fupi kabisa, usilime, mwagilia maji, tandaza maboksi huku kila moja likipanda juu ya mwenzake kama sentimita 20, maana ukiacha upenyo hata mdogo nyasi zitaupata tu. Yaloweshe tena, halafu juu weka majani makavu, nyasi zilizofyekwa, chochote cha kuyakandamiza upepo usiyapeperushe. Baada ya miezi kadhaa ukiinua pembe ya boksi unakuta limelainika linachanika lenyewe, minyoo imejazana chini, nyasi zimekuwa nyeupe au zimeoza kabisa, na udongo unaingia kidole bila nguvu. Hiyo kazi hujafanya wewe.

Kuna moja tu linaloshinda maboksi nalo ni ndago, na zile nyasi zenye mizizi ya kutambaa kwa chini. Ndago inatoboa boksi kama sindano. Hizo kwenye kile kipande chako kidogo zing'oe kwa uma wa shamba pamoja na vile vinundu na mizizi ya chini, taratibu, usizikatekate kwa jembe kwa sababu kila kipande kinachobaki kinachipua upya. Ukiwa na mita 3 kwa 3 hiyo kazi inawezekana, ukiwa na ploti nzima sahau.

Na kama roho inakuuma kuona sehemu kubwa imekaa bure, toboa matundu kwenye maboksi, kila tundu weka ndoo ya samadi iliyooza vizuri na upande mbegu mbili za boga. Mboga chache zina faida hivyo kwa anayeanza. Mmea mmoja unatambaa mita kadhaa, majani yake mapana yanazidi kulitia giza lile eneo, na unakula majani, maua na maboga yenyewe.

Kabla ya yote hayo lakini nenda ukakae pale kwenye ploti siku nzima kama unaweza. Angalia jua. Nyanya, pilipili, biringanya na maboga zinataka jua la moja kwa moja masaa 6 mpaka 8, mboga za majani zinavumilia kidogo zaidi kivulini. Angalia maji yako umbali gani, maana kila hatua utaibeba ukiwa na ndoo mkononi. Ongea na wanaolima jirani, waulize nini kinakubali na nini kinaliwa na wadudu kila mwaka, watu wanaolima wanapenda sana kuulizwa. Na kama umekodi soma makubaliano yenu vizuri: unaruhusiwa kujenga kibanda? kuweka pipa la maji? kuchoma takataka? kupanda miti? Na umepewa kwa muda gani, kwa sababu kama ni mwaka mmoja tu hakuna haja ya kuweka hela kwenye kitu ambacho huwezi kuondoka nacho.

Udongo nao upime bila kulipa mtu. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, jaza udongo nusu, ongeza maji na tone la sabuni ya maji, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa halafu iweke mahali isiguswe. Mchanga unazama ndani ya dakika moja hivi, tope laini linafuata kwa masaa, mfinyanzi unakaa juu kabisa na unaweza kuchukua siku nzima au zaidi kutulia. Tabaka la mchanga likiwa nene jua maji yatapita haraka na mbolea itapita nayo, la mfinyanzi likiwa nene jua udongo utashika maji na ukikauka utakuwa jiwe. Dawa ya yote mawili ni ileile, mboji, yaani mbolea ya majani na maganda yaliyooza.

Kwa hiyo mboji ianze siku ya kwanza, kabla hata ya mbegu. Pallet 4 za mbao zifungwe kwa waya ziwe boksi la kama mita moja kila upande, ukubwa huo unasaidia lundo litunze joto lake. Changanya vitu vikavu vya kahawia (majani makavu, maboksi yaliyochanwa, maranda ya mbao ambazo hazijapakwa dawa wala rangi) na vitu vibichi (maganda ya mboga, nyasi mbichi, masalia ya kahawa na majani ya chai). Kwa kukadiria, ndoo 2 au 3 za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Ukikamata konzi ukaiminya yatoke matone machache tu. Likinuka kama yai viza limelowa sana na halina hewa, ongeza vikavu na uligeuze. Likikaa tu halifanyi kitu ni kavu au limekosa vibichi. Nyama, samaki na chakula chenye mafuta usiweke, utaita panya. Ukiligeuza mara kwa mara unaweza kupata mboji ndani ya miezi mitatu minne, ukiliacha tu linaweza kufika mwaka, na zote ni mboji.

Samadi watu wanaogawa bure wapo, wafugaji wengi haswa wa farasi na ng'ombe wanatafuta pa kuitupa. Mbichi usiitie kwenye mimea, inaunguza, ya kuku ndo kali kuliko zote, iache ioze miezi kama sita. Lakini hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hili linaharibu mashamba ya watu: kuna dawa za kuua magugu zinazopigwa kwenye malisho, mnyama anakula zile nyasi, dawa inapita tumboni mwake bila kuharibika, inatoka kwenye kinyesi na hata ukiozesha bado ipo. Ukiimwaga kwenye bustani nyanya na maharage yanajikunja. Kwa hiyo muulize mfugaji nyasi zake zilipigwa dawa gani, na hata akisema hajapiga jaribu mwenyewe. Chukua makopo mawili, moja jaza udongo uliochanganya na ile samadi, lingine udongo mtupu, panda maharage matatu kila kopo, subiri wiki tatu nne. Kama yale ya kwenye samadi majani mapya yanatoka yamejikunja kama kikombe na shina limepinda, na ya kopo la pili yako sawa, hiyo samadi ikatae hata kama wanakuletea mpaka mlangoni.

Vifaa sasa. Unahitaji jembe, uma wa shamba, reki, ndoo mbili na kisu. Vya mitumba ni vizuri tu, vyuma vya zamani mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei chee. Angalia pale mpini unapoingia kwenye chuma, kama panacheza au pana ufa achana nacho, kutu ya juu juu haina shida unaisugua inatoka. Hela ya kununua kifaa cha sita mi ningenunua tupa. Jembe lililonolewa linakata magugu kwa kuparaza juu ya udongo, butu linakuchosha mikono na kazi haionekani.

Matuta usizungushie mbao, ni hela imelala pale na konokono wanajificha humo. Ndani ya zile mita 3 piga matuta mawili ya upana wa mita 1.2 na njia ya sentimita 60 katikati, hapo unafika katikati ya tuta kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Usikanyage tuta kabisa, hata siku moja, udongo ukishindiliwa mizizi inakosa hewa.

Maji ya mvua yana hesabu tamu: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la kibanda la mita 2 kwa 3 mvua ya milimita 20 ikinyesha linakupa karibu lita 120, toa kidogo inayopotea. Pipa la lita 200 lisilowahi kubeba kemikali linatosha kuanzia, lifunike lisizalishe mbu. Mwagilia asubuhi, kwenye shina sio kwenye majani, mara chache lakini maji yaingie chini, kumwagia kidogo kidogo kila siku kunafanya mizizi ibaki juu juu. Na tandaza nyasi kavu kama sentimita 5 hivi kuzunguka mimea, hiyo inapunguza ndoo zako sana.

Cha kupanda chagua kile mnachokula nyumbani kila wiki na kinachochumwa mara nyingi. Mchicha unaanza kuchuma wiki ya nne hivi, spinachi na sukuma unachuma majani ya nje mmea unaendelea, maharage machanga kama miezi miwili, nyanya mche mmoja mzuri unazaa wiki nyingi. Kabichi kwa kipande kidogo mi sishauri, inakaa miezi inakupa kichwa kimoja. Viazi vitamu huhitaji mbegu, omba marando (vipande vya mashina yake) kwa mtu. Vitunguu vya majani ukishakata ya kula chomeka kile kitako chenye mizizi kinaota tena.

Mbegu nunua pakiti chache na mgawane na mtu, hakuna bustani ndogo inayomaliza pakiti nzima ya nyanya. Karoti na maharage sia palepale yatakapokulia, karoti ukiihamisha mzizi wake unagawanyika kama miguu. Nyanya, pilipili na vitunguu anzia kwenye vikopo vya gazeti au trei za mayai. Mbegu za zamani usizitupe kabla ya kuzijaribu, weka 10 kwenye kitambaa kibichi mahali pa joto uone zinachipua ngapi, zikichipua 7 sia mnene kidogo, zikichipua 2 nunua mpya. Za kitunguu zinakufa haraka, mwaka mmoja au miwili, za nyanya na maharage zinakaa miaka kadhaa.

Mwisho wa msimu jiwekee zako. Ila angalia kwenye pakiti, ikiandikwa F1 ni chotara, ukipanda mbegu zake watoto hawatafanana na mama. Maharage acha maganda yakaukie kwenye mmea mpaka yagonge ukitikisa. Nyanya chagua tunda bora kwenye mmea wenye afya, kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, ziache siku mbili tatu mpaka utando utokee juu, suuza, zilizozama ndo nzuri. Zianike kivulini kwenye sahani, kwenye karatasi zitaganda hazitabanduka, na bahasha iandike jina na mwaka.