Kalkuleta yangu: kitufe cha asilimia kimekubali

Naandika programu ya kalkuleta kwa Python, na nimemaliza siku nne kwa kitufe kimoja. Tarakimu, alama za hesabu, kufuta: vyote viliisha jioni moja, sina la kusimulia. Lakini hii %!

Nilianza kijinga: ukibonyeza %, namba iliyo kwenye skrini igawanywe kwa 100. Nikajaribu 200 + 10 % = nikapata 200.1. Kalkuleta ya Windows, kwa vitufe vilevile, inatoa 220. Nikabadilisha, sasa % ikawa inatafuta asilimia ya namba ya kwanza. 220 ikaja, nikashangilia peke yangu. Kisha 200 × 10 %. Nilitaka 20, nikaletewa 4000. Nikirekebisha hii, ile inaharibika. Usiku wa tatu nilikuwa nagombana na skrini kwa sauti.

Msimbo wa kalkuleta ya Windows uko wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, tangu 2019. Ni lugha ya C++, ambayo naisoma kwa kupapasa, ila sehemu ya asilimia ni mistari michache tu. Kumbe % haiangalii namba peke yake, inaangalia alama ya hesabu inayosubiri. Ikiwa ni × au ÷, gawanya kwa 100, basi. Vinginevyo, chukua asilimia hiyo ya namba ya kwanza. Ndiyo maana ile 10 ya 200 + 10 inageuka 20 hata kabla hujagusa =. Inafanyika mbele ya macho yako, na mimi nimeitumia miaka yote sijawahi kuiona!

Dawa yake: sharti moja tu, if moja.

Halafu anayetumia float, namba za desimali za kawaida za kompyuta, kwenye kalkuleta anajitakia. 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, ukamwonyeshe nani? Nimehamia Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama ulivyoziandika, na namba naiingiza ikiwa bado maandishi. Ukiipitisha kwenye float kwanza, uchafu unaingia nayo. Tkinter, maktaba ya Python ninayochorea dirisha na vitufe, sawa, ina sura ya kizee, lakini haijanisumbua hata mara moja.

Kilichofuata kilipaswa kuwa historia ya hesabu. Nikahamishia programu kwenye Linux kuijaribu tu, nikabonyeza Enter ya upande wa namba: kimya. Kule Tkinter haiiti Return, jina la Enter ya kawaida, inaiita KP_Enter. Nikaiunganisha kwenye programu, ikaitika, na sasa nimepata wazimu mpya: kalkuleta nzima iendeshwe bila kugusa kipanya. Historia ingoje. Shida iliyopo mezani ni NumLock, kitufe kinachowasha na kuzima namba za upande ule. Ikizimwa, 7 yangu inageuka KP_Home, yaani kitufe cha Home, na skrini inabaki na sifuri yake.