Jina la Kanga Lilitoka kwa Mkaguzi

Ukiwaomba watu wakutajie wasanii wa Dar es Salaam, watakutajia waimbaji, wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay na wachonga vinyago wa Mwenge. Mchora kanga hatajwi, hata na mtu ambaye muda huohuo amejifunga kazi yake kiunoni. Mimi nilikuwa mchora kanga. Katikati ya miaka ya 1990 niliajiriwa kwenye chumba cha michoro cha kiwanda kimoja cha nguo, nikitokea chuoni na ujuzi wa kuchora sura ya mtu ikafanana naye. Pale kiwandani ujuzi huo haukumsaidia yeyote.

Mkubwa wa chumba tulimwita Babu. Alianza kazi miaka ya 1960, viwanda vyetu vilipoanza kuchapa kanga hapahapa nchini. Kabla ya hapo zilikuwa zikija kwa meli kutoka Ulaya, India na Japani, zimechorwa na watu ambao huenda hawajawahi kumwona mwanamke wa pwani akijitanda. Babu alikuwa na msimamo mmoja aliourudia kila asubuhi: rangi tatu zinatosha, ya nne ni ubishi. Maana yake ilikuwa fedha. Kila rangi ilitaka skrini yake ya kuchapia, na kabla ya skrini ilitaka filamu yake, yaani plastiki angavu unayoilaza juu ya mchoro na kuichora upya kwa wino mzito mweusi, ukifuata yale tu yatakayokuwa mekundu, kisha nyingine kwa yatakayokuwa meusi, na kuendelea. Mkono ukitetemeka kwenye filamu moja, rangi mbili hazikutani kitambaani, na mtu wa Kariakoo atakurudishia mzigo.

Babu hakunifundisha kuchora, alinifundisha kona. Kanga ina mji katikati na pindo kuizunguka pande zote nne, na pindo la juu linapokutana na la ubavuni ndipo mchoraji anapojulikana. Asiyejua hukata tu mchoro pale pembeni, majani ya upande huu yakagongana na ya upande ule kama watu waliokutana mlangoni. Anayejua huanza na kona. Anachora kona nne kwanza, anazifanya zigeuke vizuri, halafu ndipo anapima urefu uliobaki na kugawa majani yake yaingie bila salio. Nilikesha na kona. Hadi leo nikikutana na mtu aliyevaa kanga, jicho huenda pembeni kabla halijaenda usoni, na nadhani wapo wanaonielewa vibaya.

Siku ninayotaka kuisimulia ni siku ya matajiri kuja kuchagua. Kiwanda hakikuchapa kanga kwa kubahatisha. Wafanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Uhuru walikuja, wakakaa kwenye meza ndefu, wakatandikiwa michoro, wakasema hii nataka, hii sitaki. Siku hiyo alikuja mmoja tu, mzee wa heshima zake, kofia ya mkono kichwani na kikaratasi mfukoni. Kwenye kikaratasi kulikuwa na majina. Mchoraji alichora pindo na mji, lakini jina, yale maneno yanayokaa chini ya mji juu tu ya pindo, lilikuwa la tajiri.

Mchoro wangu Babu alikuwa ameshaupitisha. Pindo jeusi lenye nukta nyeupe na korosho nyekundu, na katikati ya mji ua moja kubwa la duara, kubwa kabisa, limejaa. Nililipenda ua lile. Tajiri naye alilipenda, akaliita zuri mara mbili, akatoa kikaratasi na kusoma jina alilolichagulia: “Mwenye kusubiri kwa moyo mkunjufu hula mbivu zilizoiva vizuri.” Alikuwa amechukua methali isiyohitaji msaada wa mtu, akaivisha makoti. Hakuna aliyecheka. Babu aliandika.

Kisha tajiri akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona likifanywa chuoni. Alisema hawezi kununua kanga iliyolala mezani, maana hakuna mwanamke anayeivaa imelala. Akataka mtu wa kuuvaa ule mchoro. Karatasi zetu zilikuwa za ukubwa kamili, zaidi ya mita moja na nusu kwa urefu, kwa hiyo liliwezekana. Msimamizi akateremka idara ya ukaguzi, walikokaa akina mama waliopitisha kitambaa mbele ya taa wakitafuta matundu na madoa, akarudi na mmoja wao, mama mtu mzima wa miraba minne, mikono bado ina vumbi la pamba.

“Shikamoo, Bi Mkubwa,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa naitwa na tajiri, kumbe naitwa na karatasi.”

Tukamzungushia kiunoni, tukabana kwa vibanio. Karatasi ililia kila alipopumua. Tajiri akamwambia ageuke, akageuka. Akamwambia atembee, naye akatembea kuelekea mlangoni, taratibu, kwa maringo ambayo nina hakika hakuyatumia kule ukaguzi. Alipofika nusu ya chumba akauliza bila kugeuza shingo, “Haya, nimeandikwa nini huko nyuma?”

Babu akaanza kusoma kwa sauti. “Mwenye kusubiri kwa moyo…” Alipofika kwenye “mkunjufu”, Bi Mkubwa alikuwa ameshatoka nje ya mlango.

“Mnaona?” akapaza sauti kutoka koridoni. “Mtu niliyemkusudia asome, hata hajafika nusu, mimi nimeshakata kona. Nimevaa bure!”

Tajiri alicheka mpaka akavua kofia. Akamwita ndani, akamuuliza kama mtu anayemtania, “Sasa wewe ungeandika nini?”

Hakufikiri. “Niulizeni mimi, msiulize jirani.”

“Huyo jirani kafanya nini?”

“Mwenyewe anajua.”

Nilimtazama Babu, akawa anatazama penseli yake. Nadhani sote mezani tulielewa palepale kwamba kazi imekwisha na sisi hatukuifanya. Maneno manne. Mtu unaweza kuyasoma ukiwa dirishani mwa daladala, na ukishayasoma huna amani, unatafuta ni wewe au ni yule aliyekaa pembeni yako. Kanga ndivyo inavyosema: haimtaji mtu, na anayehusika hawezi kulalamika bila kujitaja.

Ningeridhika yaishie hapo. Lakini Bi Mkubwa alikuwa bado amevaa karatasi, na sasa alikuwa amepata masikio ya watu. Akapapasa nyuma kwa kiganja, akaligusa ua langu pale lilipoangukia, akanigeukia.

“Na hili ua ni la nani?”

“Langu, mama.”

“Zuri. Ila mwanangu, limenikaa hapa.” Akapiga pale. “Mimi na ukubwa huu unaniwekea duara jekundu. Mwanamke anataka kupendeza, hataki kuwekewa shabaha.”

Safari hii hata msimamizi alicheka. Iliniuma, na wakati huohuo niliona kwamba ni kweli. Chuoni tulifundishwa kwamba katikati ya karatasi ndipo jicho linapokaa, na hakuna aliyetuambia kwamba katikati ya kanga hukaa mahali pake kwenye mwili wa mtu. Zipo kanga nzuri sana zenye ua moja katikati, tena watu wanazigombania, lakini lile langu lilikuwa pana na jekundu mno. Mezani lilikuwa ua, kwa Bi Mkubwa likawa kitu kingine. Tajiri, aliyeliita zuri mara mbili, sasa akasema naye alikuwa na wasiwasi nalo tangu mwanzo.

Nilivunja lile ua. Nililigeuza kuwa asumini ndogondogo zilizotawanyika mji mzima, na kwa sababu jina lilikuwa fupi nikapata nafasi ya kuzipandisha herufi, kubwa, nyeusi, bila madoido. Kona sikuzigusa. Babu alizikagua filamu bila kusema neno, na kwa Babu hiyo ilikuwa sifa, ingawa nilijua amenuna, kwa kuwa ua lile alilipitisha yeye.

Mzigo wa kwanza ulipotoka, Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa kwenye taa ya ukaguzi, na alikataa majora kadhaa kwa sababu nyekundu ilikuwa imehama kidogo ikatoka nje ya korosho. Nilishuka kumbembeleza. Akaniambia kanga yenye jina lake haitoki na midomo iliyopakwa ovyo. Alisema “yenye jina lake”, sikukosea kusikia.

Kule Kariakoo kanga ile ilinunuliwa. Wateja walikuwa wakisema “nipe ile ya jirani”, na muuzaji alijua. Hakuna aliyesema nipe ile ya asumini. Pembeni kulikuwa na alama ya tajiri na namba ya mchoro, basi. Ndivyo ilivyo kwenye biashara hii tangu zamani: pwani nzima inaijua “Mali ya Abdulla” ya akina Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lakini jaribu kumpata mtu wa kukutajia mmoja tu wa wachoraji wake. Jina nalo halina ulinzi. Haukupita muda nikaliona, neno kwa neno, kwenye kanga ya zambarau iliyochorwa sijui na nani, kona zake zimekatwa vibaya.

Wapo wachoraji wenzangu waliohamia kwenye kalenda, mabango na nembo za kampuni kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Kule angalau mteja anakuita kwa jina anapotaka kukukopa. Mimi nilibaki miaka mingine kadhaa. Malipo hayakubadilika, ila nilibadili njia. Kabla ya kupeleka mchoro mezani nilishuka nao kwanza ukaguzi wakati wa mapumziko, nikamtandikia Bi Mkubwa juu ya marobota, naye angesimama, ajipime, atembee, atukane kidogo. Alinidai doti moja kwa kila mchoro uliochapwa, na alijichagulia mwenyewe ile isiyo na dosari. Babu aliiona tabia hiyo ni ya kujishusha, akaisema waziwazi mbele ya watu. Kisha siku moja nikamkuta kule chini kabla yangu, karatasi mkononi, anaambiwa ageuze pindo.